Mashine ya Barafu Iliponyamaza

Mashine yetu ya barafu hapa kisiwani Chula, kusini ya Kismayo, imefungwa juu ya sakafu ya saruji karibu na gati, na muungurumo wake hufika kila nyumba. Mgeni hulalamika siku za mwanzo. Baadaye masikio yake huzoea, na kinachomshtua ni pale inaponyamaza. Kwa miaka mingi aliyeinyamazisha nilikuwa mimi.

Kazi yangu ilikuwa kugawa umeme. Tuna uwanja wa paneli za jua nyuma ya magofu ya mji wa kale, chumba cha betri, na nyaya zinazokwenda pande nne: mtaa wa Juu, mtaa wa Kati, mtaa wa Pwani na nyumba ya barafu. Jua likiwa kali wote hupata. Likififia lazima mmoja apunguziwe, na mwenye kuamua nilikuwa mimi, nimesimama mbele ya ubao wa swichi. Sikusomea darasani. Nilianza kwa kutengeneza redio kambini Kenya, tulikokimbilia, kisha nikasoma kila kitabu cha umeme kilichonifikia, kingine hakina jalada, kingine kimekatika katikati ya sura. Niliporudi kisiwani nilikuwa najua kwa nini taa hufifia pasi inapochomekwa, na hilo lilitosha kunipa cheo. Watu waliniita mwenye umeme. Mtu akitaka kuoza binti yake alipita kwangu kabla ya kupita kwa mpishi.

Katika cheo hicho kulikuwa na jambo moja ambalo sikupewa na mtu. Jioni ya siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani, baada ya kufuturu, nilikuwa nangoja simu ya shemeji yangu aliyeko Kismayo, ambaye nyumba yake iko karibu na msikiti unaopokea habari za mwezi. Akisema umeonekana, nilizima mashine ya barafu. Sababu yangu ilikuwa ya hesabu tu. Asubuhi ya Idi hakuna mashua inayotoka, wala za kwetu wala za kisiwa jirani cha Kudhaa zinazokuja kununua barafu kwetu, kwa hiyo barafu haitakiwi, na umeme unahitajika majumbani kwa pasi na cherehani. Lakini sauti hukimbia kuliko watu. Mashine ikinyamaza, kisiwa kizima kilijua kesho ni Idi kabla ya yeyote kufungua mdomo. Ikiendelea kunguruma, watu walichukua misala yao wakaenda tarawehe. Tangazo la msikitini lilifuata baadaye, kama mtu anayesoma barua ambayo kila mtu ameshaisikia.

Sikuwahi kusema kwamba nalipenda jambo hilo. Nalisema sasa. Kabla sijaigusa swichi ile nilikuwa nasikia kisiwa kinasikiliza.

Ndugu yangu ni mtoto wa mama mdogo. Aliondoka hapa mgongoni mwa mama yake mwaka wa vita, akakulia Mombasa, akasoma chuo, akafanya kazi ya umeme mahali ambapo majengo marefu hupeana umeme yenyewe kwa yenyewe. Alirudi akiwa na visanduku vinne vya kijivu, kila kimoja na ukubwa wa kasha la viatu, na ruhusa ya shirika lililotuletea paneli. Alishuka mashuani amevaa kikoi kipya, akanibusu mkono kwa sababu mimi ni mkubwa, akaniita kaka. Sikupata kosa lolote la kumshikia.

Mama yangu alimpa kichwa cha kolekole. Maisha yangu yote nimekaa kwenye mkeka mmoja na mama yangu, na kichwa cha samaki kilikuwa kwenye sahani yangu.

"Kula, mwanangu, umekonda," alimwambia.

"Hajakonda," nilisema.

"Wewe huoni. Macho yako yote yako kwenye nyaya."

Ndugu yangu akacheka, akavunja kipande cha shavu la samaki akakiweka kwangu. Nilikila. Kilikuwa kitamu, na hilo nalo liliniudhi.

Alinieleza kazi ya visanduku tukiwa juu ya mwamba, maji yametoka, tumekwenda kutafuta pweza. Aliniambia nitazame ninavyotembea.

"Kaka, hapa huendi kwa kubahatisha. Unaangalia mawe mengi mbele, unapanga njia nzima kichwani, halafu unakanyaga jiwe moja tu. Ukishalikanyaga unaangalia upya, maana pengine wimbi limekuja, pengine jiwe linateleza. Kisanduku kinafanya hivyo. Kinakisia saa kadhaa zijazo, jua litakuwaje, watu watatumia kiasi gani, betri itabaki na nini. Kinapanga yote. Kisha kinatekeleza hatua ya kwanza peke yake, na kuanza kukisia tena."

"Na viko vinne," nilisema. "Vinapatanaje?"

"Kama karamu ya harusi. Hakuna anayejua kila jiko lina nini. Huyu anamwambia jirani, mimi naleta wali. Jirani anasema, basi mimi napunguza wali, naleta mchuzi. Wanaambizana hivyo mpaka wanakubaliana. Kila mtaa una kisanduku chake, na nyumba ya barafu ina chake. Kinachojua habari za mtaa wa Juu ni cha mtaa wa Juu."

"Na mkubwa wao nani?"

"Hakuna mkubwa, kaka."

Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu anayekuonyesha mtoto wake. Mimi nilikuwa nimeshamwelewa kabla hajafika kwenye wali. Nusu ya mambo yale nilikuwa nikiyafanya peke yangu, kichwani, nimesimama mbele ya ubao: kutazama mawingu upande wa Darakasi, kukumbuka nani ana mgeni na nani ana maulidi, kupunguza hapa ili baadaye pasipungue pale. Sikujua kwamba kuna watu wanakaa mahali wanalifikiria jambo hilo kwa hesabu na kulipa jina. Ingekuwa upuuzi ningemdharau tu. Lakini lilikuwa jambo zuri, limekaa sawa kila upande, na lilikuwa mikononi mwake. Wivu wangu ulianzia hapo, wala si kwenye kichwa cha samaki.

Wazee walikutana msikitini baada ya alasiri. Mzee wa msikiti, ambaye ndiye anayeongoza kamati ya umeme, alisema tusigombane, tujaribu. Ramadhani yote visanduku vitagawa umeme. Mimi nitaondoa mkono. Ubao utafungwa, ufunguo utakaa kwake. Mwezi ukiisha wataamua kama umeme wa Chula unabaki kwangu au unakwenda kwa visanduku.

"Umekubali?" aliniuliza mbele za watu.

"Nimekubali."

"Kwa moyo mmoja?"

"Mzee, ulimi umekubali. Moyo utafuata."

Watu walicheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Nilitoa ufunguo kwenye mfuko wa shati. Kwa siku nyingi baada ya hapo mkono wangu uliendelea kwenda kwenye mfuko ule.

Ramadhani ilikwenda vizuri, na kila siku iliyokwenda vizuri ilinikera. Nilizunguka na kipimo changu cha volti nikipima kwenye nguzo za mwisho wa laini, mahali ambapo siku zote umeme hufika umechoka. Niliukuta mzima. Friji za mtaa wa Pwani zilipumzika wakati watu wa mtaa wa Kati wanasaga na kukoroga futari, kisha mtaa wa Kati ukarudisha. Barafu nyingi ilitengenezwa mchana jua likiwa la bure, na jioni mashine iliendelea polepole bila kunyamaza. Hakuna aliyeambiwa wala aliyeombwa. Sikuona foleni mlangoni kwangu tena. Hakuna aliyekuja kuniuliza kama leo anaweza kuwasha feni kwa ajili ya mgonjwa; mwenye mgonjwa aliiwasha tu.

Jirani yangu mshonaji, mwanamke ambaye mdomo wake huenda sawa na cherehani yake, aliniona nikipita na kipimo.

"Warya, wewe, unatafuta nini kwenye nguzo? Umeme umekuacha umeolewa kwingine!"

"Shona nguo zako."

"Nashona! Zamani nilikuwa nashona nikikuombea dua usinikatie. Siku hizi namwombea mumeo mwenza, yule kijana wa Mombasa."

"Mume mwenza ndiyo nini?"

"Jitazame kwenye kioo, utamjua!"

Wanawake waliokuwa kibarazani walianguka kicheko. Alikuwa amenipatia hasa. Nilikuwa kama mtu aliyeachwa ambaye bado anapita mbele ya nyumba.

Siku ya ishirini na tisa mawingu yalifunga tangu adhuhuri. Paneli zilikuwa zinakusanya kidogo sana. Tulifungua kwa tende, mama, ndugu yangu na mimi, kisha ndugu yangu akatoka mapema kwenda nyumba ya barafu kuangalia simu yake, kwa kuwa huko ndiko mtandao unakoshika vizuri. Nilikuwa sijamaliza uji mashine iliponyamaza.

Mama aliweka bakuli chini, akainua mikono. "Umeonekana! Alhamdulillahi." Akanigeukia kwa mazoea, kunipa mkono wa Idi, akaona nimekaa hapo hapo na kijiko. Mkono wake ukabaki hewani.

"Basi nani ameizima?"

"Visanduku."

"Vimepata wapi habari za mwezi?"

"Havina habari za mwezi, mama. Vimeona mawingu. Betri hazikujaa, na huu ni wakati wa futari. Vimekubaliana barafu ingoje."

Lakini vigelegele vilikuwa vimeshaanza mtaa wa Juu. Vilishuka mtaa wa Kati, vikafika Pwani. Mtoto mmoja alipita akipiga sufuria. Mimi mwenyewe sikujua kama wamekosea au wamepatia. Simu ya shemeji ilikuwa haijaita. Nilitoka nikaenda kusimama nje ya chumba cha betri, kwenye dirisha la waya, ambapo mita huonekana hata mlango ukiwa umefungwa.

Sindano ilikuwa inapanda. Nilijua ni nini. Kila nyumba ilikuwa imetoa kanzu na kuchomeka pasi, na nyumba ambazo hazina pasi zilikuwa zimekaa foleni kwa jirani. Cherehani zote zilikuwa zinakwenda. Hakuna kisanduku kilichokuwa kimekisia hivyo. Vilikuwa vimekisia jioni ya kawaida, watu wakiwa tarawehe. Miaka ya nyuma, hata mimi nikiwa nimejiandaa na mashine nimeizima, jioni kama hiyo breka iliruka angalau mara moja, na nilisikia kisiwa kinanipigia kelele gizani mpaka niirudishe. Nilisimama pale dirishani nikingoja giza. Niandike ilivyokuwa: nililitaka. Nilitaka liingie kwa mlio ule wa breka ninaoujua, na mzee aje na ufunguo mbio, na aniite.

Taa zilififia kidogo. Zikakaa. Sindano ilirudi nyuma kidogo, ikapanda, ikatulia. Taa za njiani zilipungua mwanga, zile za gatini zikazimika, na friji zote za Pwani zikanyamaza kwa pamoja. Visanduku vilikuwa vimetazama mawe upya. Hakuna giza lililoingia. Pasi za watu zilikuwa za moto, na mimi nilikuwa nimeshika waya wa dirisha kwa vidole vyote.

Ndipo simu ikaita. "Haukuonekana," shemeji alisema. "Mawingu kila mahali. Mnakamilisha thelathini."

Nilikwenda kwa mzee wa msikiti, naye akawasha kipaza sauti akatangaza mara tatu kwamba kesho ni funga. Kipaza sauti chetu kinatazama bahari, na mtaa wa Juu hawakisikii vizuri. Nilipanda mtaa wa Juu nikakuta mbuzi ameshaning'inizwa.

"Kesho tunafunga!" nilimwambia jirani mshonaji, aliyekuwa amehamishia cherehani yake huko kwa dada yake. "Hamkusikia tangazo?"

"Tangazo gani? Mashine imenyamaza, dunia yote imesikia. Nina kanzu za watu hapa, niache nishone!"

"Mashine imekosea."

"Imekosea kwa sababu hukuizima wewe!" Akawageukia wenzake. "Mnamwona? Sasa anataka kutufungisha siku ya Idi kwa wivu wake."

Hapo niliona kwamba hawataniamini mimi wala kipaza sauti. Wangeamka wakala, na siku ya Ramadhani ingewapita. Nilishuka haraka mpaka nyumba ya barafu. Ndugu yangu alikuwa amesimama na simu mkononi, uso wake unang'aa.

"Kaka! Umeona? Mzigo wa mtaa wa Juu umepanda ghafla, sijui wanafanya nini, na vimeumudu!"

"Wanapiga pasi. Iwashe mashine."

"Sasa hivi? Na mzigo huu?"

"Wanadhani kesho ni Idi, na si Idi. Mashine imewaambia."

Aliitazama mashine, kisha mimi. "Mashine imewaambiaje?"

"Imenyamaza. Hapa jioni ya ishirini na tisa mashine ikinyamaza, mwezi umeonekana. Ndivyo wanavyojua."

Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Na mimi nimekaa hapa miezi yote hii, hakuna aliyenieleza?"

"Nani akueleze? Ni kama kukueleza kwamba adhana maana yake ni sala."

Akaanza kucheka, akijicheka mwenyewe, na huku vidole vyake vinakwenda kwenye simu. "Haye, sawa. Naviambia tu kwamba barafu inatakiwa sasa kuliko vyote. Vitaulizana wenyewe nani atoe nini." Tulingoja. Niliona taa za mtaa wa Kati zinashuka, kisha za Pwani, kila mtaa unatoa kidogo kidogo. Mashine ikakohoa, ikatetemeka, ikanguruma.

Kutoka mtaa wa Juu ikaja sauti moja ya watu wengi, ndefu, ya kuvunjika moyo. Kisha mwanamume akapiga kelele gizani, "Na mbuzi je?" na sauti ya jirani yangu ikamjibu, "Mlete gatini! Barafu si hiyo inatengenezwa?"

Ndugu yangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka. Tuliketi pale bega kwa bega juu ya sakafu inayotetemeka, na hata wakati ule nilikuwa nikifikiri kwamba mimi nisingeweza kuiwasha mashine ile na pasi zote zile zikiwa za moto. Ningelazimika kuuzima mtaa mzima.

Kesho yake tulifunga, tumezungukwa na harufu ya pilau iliyokuwa imeshaanza kupikwa. Baada ya alasiri wazee walikutana. Ndugu yangu aliomba kusema wa kwanza. Alisema kosa la jana lilikuwa lake, na aliyeokoa funga ya watu ni kaka yake, na visanduku visingejua kitu bila kaka. Alisema vizuri, bila kujinyenyekeza. Nilitamani angesema vibaya.

Mzee wa msikiti alinitazama. "Jana pasi zote zilikuwa za moto na hatukukaa gizani. Mwaka jana tulipiga pasi za mkaa kwa mwanga wa tochi. Nasema uongo?"

Watu wote walikuwa wananingoja. "Husemi uongo," nilisema.

"Basi umeme unakwenda kwa visanduku. Utavitunza pamoja na ndugu yako, maana vina nyaya, na nyaya unazijua." Akaigeukia kamati. "Lakini jioni ya ishirini na tisa na jioni ya thelathini, mashine ya barafu visiiguse. Iwe ya huyu. Mashine ile inasema, na mwenye kuisemesha tunamjua."

Kabla ya magharibi ndugu yangu na mimi tulifunga swichi ukutani kwenye nyumba ya barafu, yenye kufuli lake dogo, kwenye waya unaopita pembeni ya kisanduku. Alishika ngazi, mimi nikakaza skrubu. Jioni hiyo haikuwa na shaka yoyote. Thelathini zilikuwa zimetimia, kila mtu alijua kesho ni Idi, hata mbuzi angejua kama angekuwa hai. Hata hivyo, baada ya kufuturu, nilipoweka mkono kwenye swichi, nilisikia tena kitu kile: kisiwa kimetulia, kinasikiliza.

"Unangoja nini, kaka?" ndugu yangu aliuliza. "Wote wanajua."

"Kisanduku chako kinakisia nitaizima saa ngapi?"

Alitazama simu. "Kinakisia ungekuwa umeshaizima."

Niliiacha ingurume. Iliendelea mpaka watu wakaanza kuniita kutoka vibarazani, "Zima! Zima, bwana!" na sauti ya mama yangu ikiwemo, inaniita kwa jina la utotoni. Ndipo nikaizima. Vigelegele vilipanda kutoka mitaa yote mitatu kwa mara moja.

Nilifunga kufuli, nikauweka ufunguo kwenye mfuko wa shati. Ndugu yangu alisema ingefaa tutoe nakala ya pili ikae kwake, pengine mwaka mmoja nitaumwa.

Nilimwambia siumwi.